Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mikutano ya maoni Mombasa

Haya ni majibu kwa mkazi wa Mombasa aliyeitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni kuhusu mswada, bajeti, kanuni au mradi, na pia kwa yule ambaye hakuitwa na sasa anaona matinga yanachimba nyuma ya nyumba yake. Kama tayari una kesi mahakamani, msikilize wakili wako kwanza.

Kutushirikisha ni haki yetu au ni hisani ya kaunti?

Ni haki. Katiba ya 2010, Ibara ya 10, inautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa yanayomfunga kila afisa wa serikali anapotunga au kutekeleza sheria na sera. Ibara ya 118 inalibana Bunge la nchi kule Nairobi, na ya 196 inalibana bunge la kaunti: vikao viwe wazi na wananchi washirikishwe katika utungaji wa sheria. Ibara ya 201 inasema hivyo hivyo kuhusu pesa za umma. Kwa hiyo afisa akisimama akasema mheshimiwa "amewakumbuka" kwa kuwaletea mkutano, mnaweza kupunguza makofi.

Ni mambo gani lazima yaletwe kwetu?

Miswada ya kaunti, bajeti, mpango wa maendeleo wa miaka mitano (wa sasa ni wa 2023 hadi 2027), Mswada wa Fedha unaopanga ada na ushuru, mipango ya matumizi ya ardhi, kanuni zinazotungwa na wizara, na miradi itakayogusa mazingira. Kuziba shimo barabarani au kubadilisha balbu ya taa ya mtaa hakuhitaji mkutano. Kadiri athari inavyokuwa nzito, ndivyo wajibu wa kuwatafuta wanaoathirika unavyokuwa mkubwa.

Baraza la chifu linahesabiwa?

Inategemea nani ameleta jambo. Chifu na naibu wake ni watu wa serikali ya kitaifa. Wadi zetu 30, katika Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, zina wasimamizi wa wadi ambao ni watu wa kaunti. Mara nyingi kaunti huomba nafasi katika baraza la chifu kwa sababu watu wameshakusanyika, na hilo halina ubaya. Ubaya ni pale ajenda ilipokuwa usalama wa mtaa na vitambulisho, kisha dakika za mwisho mtu anainuka na kusoma kurasa mbili za mradi, na baadaye ripoti inaandikwa kwamba wakazi "walishirikishwa kikamilifu". Likitokea, ombeni palepale liandikwe kwenye kumbukumbu kwamba jambo hilo halikuwa kwenye tangazo. Mnaporudi nyumbani, andikeni barua fupi yenye tarehe inayosema hivyo hivyo.

Mkutano wa bajeti ni mmoja tu kwa mwaka?

Hapana, na hapa ndipo wakazi wengi hupoteza. Watu hujaa ukumbini Mei, bajeti ikiwa imeshaiva, wanaomba mtaro Kongowea au zahanati Mwakirunge, wanajibiwa kwa upole kwamba mradi huo "hauko kwenye mpango". Jibu hilo ni la kweli, na ndiyo sababu linaudhi. Mpango wenyewe ulifungwa miezi minane nyuma.

Fuata kalenda ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kufikia Agosti 30, waziri wa fedha wa kaunti anatoa waraka unaoeleza bajeti ijayo itaandaliwaje na wananchi watashirikishwa lini. Kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa kwenye bunge la kaunti, na huo ndio orodha ya miradi. Ukitaka mtaro, mtaro uandikwe humo. Kufikia Septemba 30 kuna ripoti inayopitia mwaka uliopita: nini kilipangwa, nini kilitumika. Februari 28 unakuja waraka wa mkakati wa kifedha, ambao karibu hakuna mtaani anayeujua, nao ndio unaoweka ukomo wa pesa za kila idara. Afya ikipewa kiasi fulani Februari, mwezi wa Mei mtagombania tu namna ya kukigawa. Makadirio yenyewe yanafika bungeni kufikia Aprili 30, na bajeti inatakiwa ipitishwe kabla ya Juni 30 kuisha.

Halafu kuna Mswada wa Fedha. Unapitishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi, ile inayoidhinisha bajeti, kupitishwa, kwa hiyo msimu wake ni Julai mpaka Septemba. Mwenye kibanda, muuza samaki, dereva wa tuktuk na mwenye gesti wanaweza kuikosa mikutano mingine yote, lakini wasiukose huu. Ada ya leseni, ya soko na ya kuegesha gari zimo humo.

Kama una nguvu ya mkutano mmoja tu kwa mwaka na unataka kitu kijengwe, nenda ule wa mpango wa maendeleo, kabla ya Septemba. Huwa una viti vitupu.

Kuna wananchi wanaokaa na gavana kujadili bajeti?

Wapo kisheria. Sheria hiyo hiyo ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka kila kaunti iwe na Kongamano la Bajeti na Uchumi, gavana akiwa mwenyekiti, na ndani yake wawakilishi wasio wa serikali: wa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Idadi yao iwe sawa na ya mawaziri wa kaunti. Uliza ni nani anakaa kwenye kiti cha kundi lako. Kama kundi lako halimjui mtu huyo, basi hapo pana kazi ya kufanya kabla hata ya kwenda ukumbini.

Mkutano ukitangazwa nitajuaje?

Magazeti, redio za hapa Pwani, mbao za matangazo za ofisi za wadi na kaunti ndogo, tovuti ya kaunti, na siku hizi makundi ya WhatsApp ya mtaa. Matangazo ya msikitini na kanisani husaidia kuliko gazeti, na maafisa wenye busara huyatumia. Sheria haitosheki na tangazo lililobandikwa tu. Lazima liwape watu muda wa kutosha na kuwafikia kwa njia wanayoitumia kweli.

Mkutano umewekwa saa nne asubuhi, na sisi ni watu wa baharini. Tufanyeje?

Hili linafaa lisemwe kwa urefu, kwa sababu wanaopanga ratiba mara nyingi hawana jedwali la maji mezani. Siku za bamvua, maji hapa kwetu hukauka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ndiyo saa ya pweza na chaza. Mkutano wa saa nne siku ya bamvua kuhusu gati, ufuo au kanuni za uvuvi ni mkutano ambao wenyewe hawatakuwepo, hata kama aliyeupanga hakukusudia. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hayakauki hivyo, yanatoa nafasi nzuri zaidi, na alasiri pia. Ijumaa kuanzia saa sita mchana haifai, na mwezi wa Ramadhani mkutano wa alasiri unawachosha watu bure. Akina mama wa vibanda vya mihogo na viazi karai wanaingia kazini jioni, kwa hiyo saa kumi na moja haiwafai wao.

Andikeni mapema kwa msimamizi wa wadi au kwa karani wa bunge la kaunti, mtaje siku na saa mnazoweza na sababu. Barua ya kamati ya ufuo inayosema "tarehe mliyoweka ni bamvua" ni ngumu kuipuuza, na ikipuuzwa itakuwa ushahidi mzuri baadaye.

Lazima niwe mpiga kura wa Mombasa? Je, mpangaji au mtu asiye na hati ya shamba?

Haihitajiki kura wala hati miliki. Ukiathirika, una la kusema. Mlangoni utaombwa jina na pengine nambari ya kitambulisho kwa ajili ya orodha, lakini kutokuwa na kitambulisho si sababu ya kukufungia nje ya mkutano wa wazi.

Naweza kuongea Kiswahili? Hati zote zimeandikwa Kiingereza.

Ongea Kiswahili bila kuomba radhi. Ibara ya 7 ya Katiba inakifanya kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Shida kubwa ni hizo hati. Mswada wa kurasa mia ukiletwa asubuhi ya mkutano, kwa Kiingereza cha mawakili, halafu ukaulizwa "mna maoni gani?", hapo hapajafanyika mashauriano. Dai muhtasari wa Kiswahili, na uudai kabla ya siku yenyewe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba hati kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Jambo likigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakikunyima, malalamiko yanakwenda Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi wanaiita Ombudsman. Usieleze kwa nini unaitaka hati hiyo. Sheria haikudai sababu.

Niandike vipi ili maoni yangu yasomwe?

Ukumbini kila mtu hupewa dakika mbili au tatu, na anayeandika kumbukumbu hufupisha. "Maisha yamekuwa magumu, ada zimezidi, tuoneeni huruma" huingia kwenye ripoti kama mstari mmoja: *wakazi walilalamikia gharama ya maisha*. Mstari huo haumlazimishi mtu yeyote kufanya lolote.

Linganisha na huu, ambao ni mfano wa kubuni:

*Kwa Karani, Bunge la Kaunti ya Mombasa. Kuhusu Mswada wa Fedha, jedwali la ada za maegesho, mstari wa tuktuk. Sisi ni madereva wa steji moja Likoni. Mswada unapendekeza ada ya kila siku ipande kutoka sh. 50 hadi sh. 100. Tunapinga. Tuktuk nyingi zimekodishwa, na dereva humpa mwenye chombo hesabu yake kwanza kabla ya kujilipa. Tunapendekeza mstari huo usomeke "sh. 50 kwa siku au sh. 1,000 kwa mwezi", na steji iwekewe kivuli na choo kutokana na ada hiyo. Tunaomba kamati itujibu kwa maandishi.*

Hapo kamati ina kifungu cha kutazama, sababu inayoweza kupimwa, maneno mbadala ambayo karani anaweza kuyanakili jinsi yalivyo, na ombi la jibu. Ukurasa mmoja unatosha. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Ukituma kwa barua pepe, hifadhi ile uliyotuma. Kuongea ukumbini kuna faida yake, maana mwakilishi wadi akisikia ukumbi mzima unanguruma kuhusu jambo moja hulala nalo usiku. Ila sauti haina muhuri.

Usijaribu kupinga mswada wote kama unachokichukia ni vifungu viwili. Anayekataa kila kitu hurahisishiwa jibu: "huyu ni mpinzani tu."

Nikitia saini kwenye orodha ya mahudhurio, nimekubali mradi?

Hapana. Saini hiyo inathibitisha kwamba ulikuwepo, basi. Lakini hofu ya watu si ya bure, kwa hiyo iangalie karatasi kabla ya kushika kalamu. Juu yake paandikwe jina la mkutano, mahali na tarehe. Karatasi isiyo na kichwa usiitie saini. Kama kichwa kinasema "wakazi wanaounga mkono", iache. Unaweza pia kuandika pembeni ya jina lako "nimehudhuria, sikubaliani", na hakuna anayeweza kukuzuia. Piga picha ukurasa uliosaini.

Tunapewa nauli?

Sheria haiahidi nauli. Wakati mwingine kuna maji na soda, wakati mwingine kuna bahasha, na bahasha inayotolewa na mwenye mradi itazamwe kwa jicho la pili.

Wakishatusikia, wanalazimika kufanya tulivyosema?

Hapana. Kushirikishwa si kura ya turufu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya tumbaku ya British American Tobacco iliyopinga Kanuni za Udhibiti wa Tumbaku za 2014 kwa madai, pamoja na mengine, kwamba haikushirikishwa ipasavyo. Kampuni ilishindwa, kwa sababu ilisikilizwa, ila haikukubaliwa. Mahakama hiyo hiyo ikaeleza kwamba ushirikishwaji uwe wa kweli na usiwe pambo, na kwamba watu wapewe habari na nafasi ya haki ya kusema.

Mimi nadhani tofauti hiyo inafaa izoeleke kwetu. Ukishindwa kwa hoja, umeshindwa. Ukishindwa kwa sababu hakuna aliyefungua barua yako, hiyo ni kesi nyingine.

Na kanuni zinazotoka wizarani Nairobi, kwa mfano za uvuvi au za bandari? Zinatuhusu?

Zinatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa sababu bandari, bahari na forodha zimo mikononi mwa serikali ya kitaifa. Sheria ya 2013 inayosimamia kanuni za namna hii inamtaka anayezitunga ashauriane na watakaoathirika kabla ya kuzitoa. Zikiwa na gharama kubwa kwa jamii, aandae taarifa ya athari na atangaze muda usiopungua siku 14 wa kupokea maoni ya maandishi. Zikishachapishwa, zinatakiwa zifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, la sivyo zinapoteza nguvu. Kamati ya Bunge inayozipitia nayo hupokea barua, kwa hiyo kuna mlango wa pili ukiukosa wa kwanza.

Mombasa ina mfano wake. Serikali ilipoagiza mizigo kutoka bandarini isafirishwe kwa reli ya SGR, madereva wa malori, wenye maegesho ya kontena, makarani wa forodha na mama wauza chai wa Changamwe mpaka Miritini waliona kazi zikihama. Watu waliandamana, na wengine wakaenda mahakamani. Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliyaona maagizo hayo kuwa kinyume cha Katiba, na ukosefu wa ushirikishwaji wa umma ukiwa miongoni mwa sababu.

Kiwanda au ghorofa inajengwa jirani. Nani alipaswa kutuuliza?

Mwenye mradi, chini ya usimamizi wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Miradi mikubwa inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya leseni. Kwa kanuni za 2003, mwenye mradi anatakiwa abandike matangazo karibu na eneo, atangaze gazetini na redioni kwa lugha ambayo watu wanaielewa, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watakaoathirika. Ripoti ikishafika NEMA, tangazo hutoka tena likiomba maoni, mara nyingi kwa siku 30. Nenda ofisini uombe kuisoma. Fungua kwanza viambatisho vya mwisho, pale penye orodha za waliohudhuria na fomu za maswali. Humo ndimo utakapojua kama "wakazi 60 waliohojiwa" ni watu wa mtaa wako au ni vibarua wa mwenye mradi.

Usiseme mtaa wenu ni wa mabanda kwa hiyo hamna la kufanya. Wakazi wa Owino Uhuru, kule Jomvu, walipigania haki yao baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kuwamwagia sumu ya risasi hewani na majini. Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa fidia ya sh. bilioni 1.3 Julai 2020, ikiitia NEMA miongoni mwa waliowajibika. Rufaa ikaiondoa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Miaka yote hiyo watoto walikuwa na risasi kwenye damu. Ndiyo maana maswali magumu yanafaa yaulizwe kabla ya bomba la moshi kusimama.

Leseni imeshatolewa na hatukuulizwa. Tuna njia?

Kuna Jopo la Kitaifa la Mazingira, na rufaa inapelekwa ndani ya siku 60, kwa hiyo msikae mkilaumiana kwenye kundi la WhatsApp. Jirani zetu wa Lamu walilitumia: Juni 2019 jopo hilo lilifuta leseni ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe, sababu mojawapo kubwa ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hoja iliyowasaidia ni rahisi kuikumbuka. Mikutano ya mwanzo ya kuutambulisha mradi haiwezi kuhesabiwa kuwa mashauriano juu ya ripoti ambayo bado haijaandikwa.

Kwa mambo mengine, Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda Mahakama Kuu kutetea haki, na kufungua shauri la haki za kimsingi hakutozwi ada. Gharama ya wakili ni habari nyingine, kwa hiyo tafuteni mashirika ya haki za binadamu ya Pwani mapema. Watakachowaulizia kwanza ni barua zenye muhuri, picha za matangazo na tarehe.

Tarehe ya mwisho ya maoni imepita. Nimechelewa kabisa?

Pengine bado. Mswada ukiwa kwenye kamati, peleka barua yako kwa karani hata ukiwa umechelewa siku mbili tatu. Kamati nyingi huipokea mradi ripoti haijawasilishwa. Mswada ukishakuwa sheria, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti, ikiwemo ombi kwa bunge la kaunti libadilishe au lifute sheria, na mamlaka za kaunti zina wajibu wa kujibu bila kuchelewa. Andika jina lako, unachoomba hasa, ulishawahi kulalamika wapi na ukajibiwa nini, na kama jambo liko mahakamani au la. Saini elfu moja hazihitajiki. Ombi linaweza kuwa la mtu mmoja.